Mgawa Maji na Sanduku Linalojiamulia

Myamba,
Wilaya ya Same.
Jumatano, 17 Septemba 2025.

Mpendwa mwanangu Careen,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaiandika: marahaba, marahaba sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mvua za huko India zimepungua, na wodini wanakuachia nafasi ya kula chakula kikiwa bado cha moto. Mama yako anauliza kama ile tangawizi ya unga aliyokutumia bado ipo, au umewagawia wagonjwa wote.

Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto linatangaza baridi siku moja kabla ya redio. Mama yako Lea ni mzima na sauti yake ni nzima zaidi. Baba yako naye ni mzima. Neno hilo nimeliandika baada ya kutoka nje kumtazama tena, kwa sababu Jumapili iliyopita watu wapatao arobaini walikuwa na maoni tofauti.

Usishtuke, na usikimbilie simu. Kaa chini usome kwa utaratibu. Ndiyo maana nimechagua barua: habari hii ikipita kwenye simu itafika nusu, na nusu yenyewe ni ile mbaya. Isitoshe fomu yenu inataka sahihi ya kalamu, kwa hiyo bahasha ilikuwa lazima iende.

Nirudie kwanza uliloniagiza, maana mwalimu husoma swali mara mbili kabla ya kujibu. Uliniandikia mwezi wa nane kwamba hospitali yenu, iliyomwekea baba yako pampu ya moyo miaka miwili iliyopita, sasa inajaribu sanduku jipya la kuiongoza. Pampu yenyewe itabaki ilipo, bila kisu. Litakalobadilishwa ni lile sanduku dogo analolifunga kiunoni. La sasa linaizungusha pampu kwa mwendo mmoja uliowekwa na daktari, awe amelala au anapanda mlima. Jipya litaongeza na kupunguza mwendo lenyewe. Fomu ya kukubali ifike kabla mwezi huu wa tisa haujaisha. Na akikataa, madaktari hawatamruhusu tena kuishi huku milimani, itabidi ahamie Dar es Salaam karibu na hospitali kubwa. Ukaniambia, "Baba Mkubwa, wewe ni mwalimu wa fizikia, utamwelewesha."

Mwanangu, nilifundisha fizikia miaka thelathini na sita. Nimewaelewesha watoto waliokuwa wamelala. Lakini sikuwahi kupewa mwanafunzi kama mdogo wangu Nathanaeli.

Siku ya kwanza nilimchorea kwa chaki kwenye mlango wa jiko. Mstari mmoja mwendo wa pampu, mwingine damu inayorudi moyoni. Nilikuwa nimefika pale mistari inapokutana, mama yako akaja na kitambaa chenye maji akafuta vyote, akasema mlango ule ni wa jiko na si wa darasa la tatu.

Siku ya pili nilitumia baiskeli. Nikamwambia, mtu mwenye baiskeli ya gia hubadilisha gia kwenye mlima, na mwenye gia moja huteseka. Akanisikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akasema, "Kaka, mimi sijawahi kupanda baiskeli. Huku ukipanda baiskeli, ama unaisukuma, ama unazikwa nayo."

Siku ya tatu nilijaribu friji, namna inavyojizima yenyewe baridi ikitosha. Akanionyesha friji yao. Imekufa tangu mwaka juzi, na ndani mama yako anahifadhi unga ili panya wasiufikie.

Lakini nisimfanye baba yako mjinga, maana hoja aliyokuwa nayo ni ya mtu aliyefikiri. Unajua yeye ni mgawa maji wa ndiva yetu kwa miaka ishirini na miwili, kazi aliyoachiwa na babu yako. Maji ya chemchemi yanajikusanya bwawani humo usiku kucha, asubuhi anakiondoa kizibo, na kila nyumba inapata kwa zamu yake. Basi aliniambia hivi: "Mgawa maji akikosea, watu wanajua nyumba yake. Wanakuja wanamtukana, anajirekebisha. Hilo sanduku likikosea ndani ya kifua changu, nani ataitwa kwenye kikao?"

Nikajifanya nakohoa.

Wengine nao hawakunisaidia. Mzee wa kanisa Jackson, jirani yake, alimuuliza kama pampu inafanya kazi hata siku ya Sabato. Baba yako akamwambia, "Na wewe moyo wako unauzima Ijumaa jioni?" Jackson akaenda kulitafakari hilo, na nadhani bado analitafakari.

Sasa tufike Jumapili.

Jumapili ilikuwa siku ya msaragambo. Pembe ilipigwa alfajiri, watu wote wakatoka na majembe kuzibua mfereji, maana kiangazi cha mwaka huu kimekaza na majani yameziba maji hata hayo machache yaliyopo. Baba yako hakutakiwa kushika jembe, na kwa kweli hakulishika. Alitembea tu ukingoni juu na chini, mkoba wa betri za pampu begani, akiwaambia wengine jinsi ya kushika majembe yao. Kazi hiyo inachosha kuliko kulima, nami naijua.

Jua lilikuwa kali. Jasho lilimtoka. Na hakunywa hata tone, Careen, huku yale maji machache yakipita miguuni pake! Wewe umekulia huku na unajua sababu: mgawa maji hunywa wa mwisho. Hawezi kuinamia mfereji kabla nyumba ya mwisho haijapata zamu yake. Babu yako alishika mwiko huo, na babu wa babu yako. Ila hao wote walikuwa na mioyo ya kuzaliwa nayo.

Saa sita mchana alikuwa karibu na shamba la Jackson. Zamu ilikuwa ya Jackson, na Jackson ndiye aliyekuwa ametumwa ndivani kuondoa kizibo. Baba yako akasimama, akashika mti wa kahawa, mti ukakataa kumshika, akaanguka.

Mimi nilikuwa nyuma na fimbo yangu, kwa hiyo haya yanayofuata nimeyakusanya kwa mashahidi. Jackson alikuja mbio kutoka ndivani. Yeye alihudhuria semina ya huduma ya kwanza kanisani, siku moja, na cheti amekitundika sebuleni. Akapiga magoti, akamshika baba yako kifundo cha mkono kutafuta mapigo ya moyo. Hakuna. Akashika mkono wa pili. Hakuna. Akashika shingo. Hakuna. Akavua kofia.

Kosa si lake peke yake. Wewe unajua, lakini wengi huku hawakujua, kwamba pampu ya baba yako haipigi kama moyo unavyopiga. Inasukuma damu mfululizo kama mfereji unavyosukuma maji, bila vishindo. Ukimshika mkono hata akiwa anakula makande na kucheka, mara nyingi hupati kitu. Mimi nilikuwa nimewaeleza wasomaji wa Biblia wa ukanda wetu, lakini nilieleza kwa dakika hamsini, na nasikia Jackson alilala kuanzia ya kumi.

Basi wakamfunika kwa khanga. Vilio vikaanza. Mtu akatumwa kuipiga pembe tena, mara hii kwa msiba. Na hapo chini ya khanga kikaanza kulia kitu: pii, pii, piiii.

Alikuwepo Jabiri, yule mfanyabiashara wa Makanya anayekuja na lori kununua tangawizi. Alikuwa ameshasema innalillahi kwa huzuni ya kweli, maana ni rafiki wa miaka mingi. Kelele ilipozidi akageuka akasema kwa upole, "Jamani, mpokeleeni marehemu simu yake. Huenda ni ndugu wa mbali."

Jackson akamjibu, "Tunaanzaje kuingiza mkono mfukoni mwa maiti?"

"Basi izimeni, angalau. Mtu anasafiri kwenda kwa Mola wake, na nyinyi mnamwachia simu iite hivyo?"

Wakawa wanabishana nani ana undugu wa kutosha kuzima simu, na wakati wote huo sanduku likiwaambia kwa lugha yake kwamba mtu huyu yu hai ila damu imepungua moyoni, pampu inavuta kisichokuwepo.

Hapo nikafika mimi. Nilisikia mlio nikaujua mara moja. Nikainua fimbo nikapaza sauti, "Hajafa!" Na mimi, Mungu anisamehe, nilipoona watu arobaini wamenyamaza wakinitazama, nikaanza kuwaeleza kwa nini mtu mwenye pampu hana mapigo. Nilikuwa nimefika kwenye mfano wa mfereji, mama yako akatokea kwa kasi kutoka kwa akina mama waliokuwa wakipika. Akanisukuma kando na mwiko mkononi.

"Shemeji, elimu baadaye! Shika miguu!"

Tukamwinua miguu juu, mimi mmoja na Jackson mwingine. Tabibu mpya wa zahanati, binti anayeitwa Prisca, mwenye wiki tatu tu hapa Myamba, akafika akihema. Kipimo chake cha presha kilikataa kusoma. Akaweka kifaa cha kusikilizia kifuani, akasikiliza, akatoa macho, akatutazama.

"Huyu mzee ana mashine ya kusaga humu ndani!"

"Inazunguka?" mama yako akauliza.

"Inazunguka, mama."

"Basi ni mume wangu. Mletee maji."

Muda si muda baba yako akafumbua macho. Akaona khanga, akaona kofia ya Jackson mkononi, akaona watu wameanza kufuta machozi kwa aibu. Akanyweshwa vikombe viwili, na mlio ukakoma. Neno lake la kwanza baada ya kufufuka, ninakuandikia kama lilivyo: "Nani yuko ndivani?"

Hakuna aliyekuwa ndivani. Jackson alikuwa ameondoa kizibo chote, kama tunavyofanya masika chemchemi inapobubujika, kisha akakimbilia msiba.

Prisca alitaka baba yako abaki chini hadi gari lipatikane. Jabiri akajitolea lori, wakamketisha mbele pamoja na Prisca na mama yako. Lakini njia ya lori inapita chini ya ndiva, na mgonjwa akaapa kwamba asipoiona hatafika hospitali akiwa na amani. Wakasimama. Mimi nilikuwa nyuma, juu ya magunia ya tangawizi, kwa hiyo haya nimeyaona kwa macho yangu.

Ndiva ilikuwa imekwisha. Pale kwenye tundu la kutolea maji palikuwa pakikoroma. Chemchemi ya kiangazi inaleta maji kama uzi, na tundu lilikuwa wazi kama la masika. Lilimaliza maji, likaanza kuvuta tope, likavuta hewa, na mwishowe likauvuta ukingo wenyewe: udongo wa kando ulikuwa umeporomoka ukaliziba. Chini huko mfereji ulikuwa mkavu, na maji yote ya usiku yalikuwa yamepotea bondeni kabla ya kufika kwenye tangawizi ya mtu yeyote.

Baba yako alitazama kupitia dirisha la lori. Mimi nilifungua mdomo, mama yako akanitazama, nikaufunga.

Halafu akaniita. "Kaka. Hiki ndicho kilichonitokea mimi?"

Nikasema ndiyo.

"Damu ilikuwa chache, na pampu ikavuta kama masika."

Nikasema ndiyo.

"Ikavuta mpaka ukingo wa moyo."

Nikasema ndiyo, hasa.

Akatikisa kichwa, akanitazama kwa masikitiko, kama mimi nilivyokuwa nikiwatazama wanafunzi wa nyuma. "Sasa Mwalimu, wiki zote hizi unaniletea mabaiskeli na mafriji. Kwa nini hukuniambia kwamba nimewekewa mgawa maji anayeondoa kizibo na kwenda zake?"

Mwanangu, nina shahada. Nimezaliwa mita mia mbili kutoka ndiva ile, nimeogelea humo na kuchapwa kwa ajili hiyo. Na haikunijia. Ndivyo ilivyo elimu: hukufikisha mbali sana, hata ukasahau ulipotoka.

Hospitalini walimpima, wakamwongezea maji, wakaongea na daktari wenu kwa simu. Moyo haukuumia. Jumatatu jioni alirudi nyumbani, akala, kisha akaniambia nilete karatasi zako na miwani, nimsomee maelezo ya sanduku jipya yote, bila kuongeza langu. Hilo la mwisho alilisema mara mbili.

Nikasoma pale ulipoeleza kwamba sanduku linatazama jinsi pampu inavyotumia umeme, na kwa hilo linakisia damu kiasi gani inaingia. Ikiingia nyingi, kama mtu anapanda mlima, linaongeza mwendo. Ikipungua, linapunguza kabla haijafika kwenye ukingo. Akasema, "Vizuri. Linaangalia chemchemi kwanza, halafu ndipo linashika kizibo."

Nikasoma kuhusu mipaka: kwamba madaktari wanaweka mwendo wa chini na wa juu, na sanduku haliwezi kuvuka. Akasema, "Hata mimi sina ruhusa ya kuikausha ndiva."

Kisha akauliza lile swali lake la zamani kwa namna nyingine. "Na likichanganyikiwa?"

Nikatafuta ukurasa. Likichanganyikiwa linarudi kwenye mwendo mmoja wa salama, linapiga kelele, na hospitali inaletewa habari, na jina la daktari wa kupigiwa limeandikwa hapo chini.

Akarudia, "Likichanganyikiwa linakaa pale pale na kuita watu?"

"Ndiyo."

"Basi lina akili kuliko Jackson." Nilikuwa sijacheka akaongeza, "Na nyumba yake inajulikana."

Nikajua hapo hoja yake imepata jibu, na jibu halikutoka kwangu.

Kuna jambo jingine. Jana asubuhi kamati ya ndiva ilikaa. Jackson aliomba msamaha kwa mambo mawili, kukausha ndiva na kumfunika mtu hai, na kamati ikamwagiza aujenge ukingo kwa mikono yake. Anaujenga vizuri. Kisha mwenyekiti akasema kwamba mwiko wa mgawa maji kunywa wa mwisho ulikuwa mzuri kwa wakati wake, ila sasa mgawa maji wetu ana mashine inayohitaji maji, na mashine haikula kiapo. Kuanzia sasa atakunywa wa kwanza. Baba yako alibisha. Mama yako, ambaye si mwanakamati, akasema kupitia dirishani kwamba shauri limekwisha.

Leo alfajiri alipewa kikombe mbele ya watu wote kabla kizibo hakijaguswa. Alikunywa amewapa mgongo, kwa aibu, akitazama mlimani. Lakini alimaliza. Watu walimsubiri, na hakuna aliyenung'unika, hata wale wa zamu ya mwisho.

Fomu imo ndani ya bahasha hii na sahihi yake iko kila palipohitajika. Jabiri anateremka na lori mchana huu, ataipeleka Same na kuikabidhi kwa wasafirishaji mwenyewe. Ameahidi kwa jina la Mungu, na amesema bado anajisikia vibaya kuhusu simu. Baba yako anaomba siku ya kubadilishiwa sanduku isiangukie wiki ya zamu ya ukanda wa juu, kwani ni wagomvi na hawapendi kugawiwa na mtu mwingine.

Utaona ukurasa wa mwisho wa fomu una nafasi kubwa, wanamtaka mgonjwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe jinsi kifaa kitakavyofanya kazi, ili wajue kama ameelewa. Mimi nilikuwa nimeandaa kurasa mbili na mchoro. Baba yako alinipokonya kalamu. Aliandika mistari mitatu, kwa ule mwandiko wake wa kuorodhesha zamu, nami nakusihi uwatafsirie wahandisi neno kwa neno, usirembe:

"Maji yakipungua, funga kidogo. Maji yakija, fungua kidogo. Usiondoke ndivani."

Nimeyatafuta makosa usiku na asubuhi. Sikuona.

Mama yako Lea anakusalimu na kukuombea. Baba yako anakusalimu na anasema usilie, yeye amekwisha kuliliwa Jumapili na inatosha. Jackson anakusalimu kutoka ukingoni. Prisca wa zahanati anakuomba namba yako, ana maswali ya kitaalamu, na ni binti mzuri. Wasalimie wenzako wote wa wodini, na huyo mhandisi aliyebuni sanduku mwambie siku akija Same apande hadi Myamba, kuna mtu wa kumpa mafunzo.

Mungu akulinde ulale salama, akuamshe na nguvu, na akurudishe kwetu chemchemi zikiwa zimejaa.

Ni mimi nikupendaye, niliyefundisha wengi na kufundishwa na mdogo wangu,

Baba Mkubwa wako,
Zebedayo.